"Furaha Ikiisha, Acha": Ushauri wa Mwenye Duka



Mwezi uliopita tulikutana nyumbani kwa mzee wetu mmoja hapa London kumzungumzia mwenzetu aliyepoteza fedha za upatu katika kamari. Zilikuwa fedha za watu kumi, wengi wao kina mama wanaotoka alfajiri kusafisha maofisi ya watu. Maneno yalikuwa mengi, na yaliyoitikiwa na wengi ni haya: "Kama hawezi kuacha, basi acheze kwa kiasi." Nilinyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba. Hapa sinyamazi.

Hayo ya "kwa kiasi" hatukuyarithi kwa wazee wetu. Tumeyaokota kwenye vioo vya maduka ya kubeti. Mwaka 2015 kampuni kubwa za kamari za Uingereza zilianza kutangaza onyo lao wenyewe, ambalo kwa lugha yetu ni "furaha ikiisha, acha", na neno "furaha" wakalichapa kwa herufi kubwa kuliko mengine. Onyo gani hilo, anayeuza sumu ndiye anayeandika kibandiko? Kazi yake ni moja: ukifilisika, lawama iwe yako.

Mimi ni mhandisi, na kazi yangu ni kupima mitambo. Niruhusuni nipime na huu. Sheria ya Kamari ya mwaka 2005 iliruhusu kila duka la kubeti kuweka mashine hadi nne, na mpaka mwishoni mwa Machi 2019 mtu aliweza kutia dau la pauni 100 kila sekunde 20. Hiyo ni mizunguko 180 kwa saa, yaani pauni 18,000. (Si lazima uingie nazo, fedha unayoshinda ndiyo hiyo hiyo unayoirudisha.) Gurudumu la ruleti lina vitundu 37, lakini ukipatia namba unalipwa kana kwamba viko 36. Tofauti hiyo ni asilimia 2.7 tu, na asilimia 2.7 ya pauni 18,000 ni kama pauni 486 kwa saa. Bahati ya mtu mmoja yaweza kuwa nzuri jioni moja, lakini ya duka haibadiliki. Ni bomba linalovuja: tundu dogo, maji ya kasi.

Aprili 2019 dau la mashine zile likashushwa hadi pauni 2. Vyema, lakini bomba lilikwisha kuhamia mfukoni. Michezo ya sloti ya kwenye simu haikuwekewa kikomo cha dau kisheria hadi Aprili 2025, ilipowekwa pauni 5 kwa mzunguko, na Mei mwaka huo huo pauni 2 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24. Nayo imebuniwa ikuonyeshe kwamba umekosa kidogo tu, na ikulipe visivyotabirika, ili mkono usitulie. Halafu tunamwambia mtu aliyekwisha naswa awe na kiasi! Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeuweka ugonjwa huu kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Nani kati yetu humshauri mlevi anywe kistaarabu?

Na sisi jamaa tuna kosa letu, nami ni wa kwanza. Mwaka 2016 nilimpa mwenzetu huyu pauni 1,800, taslimu, kwa siri, ili mkewe asijue na watu wasiseme. Nilijiona nimemsitiri. Kumbe nilimpa mtaji. Baada ya wiki tatu hazikuwapo, na safari hii alikuwa na la kumficha mkewe na la kunificha mimi. Sitara ya namna ile humstiri mwenye mashine.

Kwa hiyo mkutanoni nitasema hivi. Hapewi fedha mkononi. Kodi ya nyumba tumlipe mwenye nyumba moja kwa moja. Akae na mmoja wetu ajiandikishe GamStop mwenyewe, kwani hakuna anayeweza kumwandikisha mwingine. Kuna miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitano, naye akishachagua hawezi kuufupisha muda. Huko hufungiwa kampuni zote za mtandaoni zenye leseni ya hapa. Maduka ya mtaani hayamo, wala kampuni zisizo na leseni, basi na benki yake nayo aiambie izuie malipo ya kamari. England ina kliniki 15 za NHS za ugonjwa huu, na GamCare huzungumza hata na mke au ndugu wa mgonjwa. Mkewe aambiwe, na amwambie yeye mwenyewe, tukiwapo.

Najua wako watakaosema nawaleta Wazungu kati ya ndugu. Mashine ameileta nani?

Nimempigia simu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama kina mama wa upatu watakuwapo. Nikamwambia ndiyo. Amesema atakuja.

Orodha ya mchango iko kwangu. Fedha zitumwe kwa mweka hazina wa upatu, si kwake.