Kanga Ukutani, Jina Lisomeke

Katika nyumba zetu za London, wengi tuliotoka Unguja, Mombasa na Lamu hutundika kanga ukutani, juu ya kitanda. Desturi hiyo siipingi. Kuta za huku hazina zidaka kama za nyumba za mawe za Lamu, zilikopangwa vyombo vya kauri vya Uchina, na chumba kitupu hakimwambii mtoto lolote kuhusu asili yake.

Ninalolipinga ni kuifanya kanga pambo tu. Kanga ina pindo, mji na jina. Nimeona nyingi zikikatwa ili zienee katika fremu, na kinachokatwa huwa ni jina, yaani maneno yenyewe. Kanga isiyo na jina ni barua iliyofutwa maandishi.

British Museum, hapa hapa mjini, ilionyesha kanga mwaka 2013 katika maonyesho ya Social Fabric. Makumbusho hayana budi kuzitenga na mwili wa mvaaji. Sisi hatuna udhuru huo.

Rai yangu ni hii. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili. Kimoja na kitundikwe kizima, mbali na jua la dirishani lisije likachujua rangi. Cha pili na kivaliwe, kibebe mtoto, kimfunike mgonjwa. Wajukuu wetu wengi hawasemi Kiswahili. Jina la kanga ni sentensi fupi, nao waweza kuanzia hapo: waisome kabla ya kulala, kisha waambiwe ni nani aliyeichagua, na alimkusudia nani.