Usimpunguze Rangi

Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya mitihani ya watoto, lakini limetokea jambo jikoni kwangu, nikaona nisilinyamazie. Jambo lenyewe linahusu penseli.

Tulipokuwa wadogo Mombasa, kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mchoraji wa mtaa. Akitoka sinema kutazama filamu ya Kihindi, siku haiishi hajamchora Amitabh Bachchan nyuma ya daftari la hesabu: yale macho, zile nywele zilizofunika masikio, ile kola pana ya shati. Watoto wa jirani walisimama mlangoni wakitaka na wao wachorewe, na malipo yalikuwa mabuyu au viazi vya karai. Baba alimchapa kwa kuharibu daftari. Lakini siku moja nilimwona baba huyo huyo akiuchana ukurasa mmoja taratibu na kuuweka ndani ya kabati lake.

Kwa hiyo binti yangu wa miaka 14 alipoanza kuchora sura za waigizaji sikushangaa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, hata kama sumu kairithi kwa mjomba.

Hapa Leicester, maktaba ya mtaa wetu ina kikundi cha vijana wanaokutana kila Jumamosi asubuhi. Hawasomei sanaa wala hawalipwi. Ni wachoraji wa ridhaa tu. Kila mwezi wanachagua mwigizaji mmoja wanayempenda, kila mtu anamchora kwa mkono wake, kisha picha zote zinabandikwa ukutani wazitazame pamoja. Uzuri wake ni kwamba sura ni moja lakini picha ni ishirini na kitu, na hakuna mbili zinazofanana. Mwezi uliopita walimchagua Lupita Nyong'o. Binti yangu alirudi nyumbani akijivuna kana kwamba aliyechaguliwa ni mama yake mdogo.

Na kwa nini asijivune? Lupita ni wetu. Alizaliwa Mexico mwaka 1983 baba yake alipokuwa akifundisha huko, akakulia Kenya, akaenda kusoma Marekani. Mwezi wa Machi 2014 alipokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa kuigiza mtumwa Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave. Sisi tulio ughaibuni tunaijua raha ya kumwona mtu wa kwenu akiitwa jina lake mbele ya dunia, nalo jina lina ile "ng'" ambayo walimu wa watoto wetu huku huishia kuitafuna.

Binti alichora jioni tatu. Alichukua picha ya Lupita, akaipiga mistari ya miraba, akapiga miraba hiyo hiyo kwenye karatasi kubwa, akawa anahamisha mraba mmoja mmoja. Hii ni njia ya zamani, hata kaka yangu aliitumia kwa rula ya shule. Siku ya tatu sura ikatokea. Nilisimama nyuma yake na mwiko mkononi, nikasahau wali jikoni. Alikuwa Lupita hasa: ule mfupa wa shavu, lile paji la uso, na ngozi yake nyeusi iliyotulia.

Akaipiga picha, akaituma kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp. Mnayajua makundi hayo. Dakika mbili tu, mioyo na makofi kutoka Mombasa, Toronto na Jeddah. Nyanya yake akatuma ujumbe wa sauti akimwombea dua. Kisha dada yangu mkubwa, anayeishi Doha, akaandika: "Mashallah mwanangu, umempatia. Lakini mbona umemfanya mweusi mno? Mng'arishe kidogo apendeze."

Watu wakacheka. Na mimi, mama mtu, nikaweka ile emoji ya kucheka machozi, nikarudi kwenye wali wangu.

Asubuhi nilipokuwa nikifuta meza niliiona ile picha. Alikuwa ameifuta. Sio yote, ngozi tu. Alikuwa ameisugua kwa kifutio mpaka karatasi ikatoka manyoya. Macho yalikuwa yale yale mazuri, lakini uso ulikuwa wa kijivu, kama mtu aliyepakwa jivu. Chini ya meza kulikuwa na chembechembe za kifutio za kujaza kijiko.

Nikakaa kitako. Maana binti yangu ana rangi ile ile. Ni mweusi kama baba yake, na mimi ni maji ya kunde. Aliyekuwa akifutwa kwenye ile karatasi hakuwa Lupita.

Ndugu msomaji, sitamlaumu dada yangu kabla sijajilaumu mimi. Ni mara ngapi nimemwambia mtoto huyu asicheze juani "utazidi kuwa mweusi"? Ni mara ngapi wageni wamesema "huyu mdogo kachukua weupe wa mama, ana bahati", nami nikaitikia ahsante? Nilipokuwa msichana, kabla ya harusi yangu, nilipakwa mkorogo wiki mbili ili niwake, na nikawaka kweli, kisha ngozi ikababuka. Sijawahi kumsimulia binti yangu hadithi hiyo. Nilidhani nikinyamaza itakufa yenyewe. Kumbe ilikuwa hai ndani ya emoji.

Jioni ile nilimwita tukae. Nilianza kwa kumwomba radhi. Kisha nikamsimulia juu ya mkorogo, na yeye akanionyesha jambo nililokuwa silijui vizuri. Mwezi wa Februari 2014, siku chache kabla ya tuzo ile, Lupita alisimama kwenye hafla ya wanawake weusi wa Hollywood iliyoandaliwa na jarida la Essence, akaeleza kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe zaidi. Kila asubuhi alikimbilia kioo, na kila asubuhi alijikuta vile vile. Kilichomgeuza ni kumwona mwanamitindo Alek Wek, mzaliwa wa Sudan Kusini, mweusi kama yeye, akisifiwa kwa uzuri. Mwaka 2019 akaandika kitabu cha watoto, Sulwe, juu ya msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Kwa Kijaluo, Sulwe ni nyota. Na mwaka 2017, jarida moja la hapa Uingereza, Grazia, lilipomtoa kwenye jalada likiwa limezihariri nywele zake na kuzilainisha, alilalamika hadharani. Hakukubali kurekebishwa ili apendeze.

"Sasa mama," akaniuliza, "yeye aliwakataza wenye jarida. Mimi nilimfuta mwenyewe." Sikuwa na jibu. Nilimshika mkono tu.

Jumamosi tuliondoka pamoja na ile picha iliyofutwa. Kikundi hicho kinasaidiwa na mzee mmoja Mjamaika, mstaafu, ambaye maisha yake yote amechora kwa kujifurahisha. Aliitazama, hakuuliza kilichotokea. Akasema tatizo liko kwenye penseli. Na hapa nawaandikia aliyotufundisha, maana najua wapo wengi wenu mnaochora watu wetu kwa vifaa visivyowafaa.

Kwanza, penseli ya kawaida haifiki weusi wa kweli. Hata ile laini ya 8B, ukiikandamiza sana inameta, na mmeto huo hurudisha mwanga na kuufanya uso uonekane wa kijivu. Kwa weusi uliotulia tumia mkaa wa kuchorea au penseli ya mkaa, kisha penseli ya kawaida kwa vitu vidogo kama kope.

Pili, ngozi nyeusi huonyesha mwanga vizuri sana. Acha karatasi nyeupe pale mwanga unapopiga: paji la uso, ncha ya pua, juu ya shavu, mdomo wa chini. Ukiogopa kuweka giza, hata mwanga hauonekani, ndipo uso unakuwa bapa kama sahani.

Tatu, kwa rangi, usichukue kahawia ukaongeza nyeusi. Changanya kahawia na zambarau, buluu iliyokoza, na nyekundu iliyoiva. Tazama shavu la mwanao karibu na dirisha, utaziona rangi zote hizo.

Nne, karatasi ya rangi ya kaki husaidia. Hapo huanzi na weupe ukapambana nao. Unaanza katikati, unaongeza giza kwa mkaa na mwanga kwa chaki.

Mzee akatukumbusha pia kwamba tatizo hili lina historia yake hata dukani. Kampuni ya Crayola ilikuwa na kalamu ya rangi iliyoitwa "rangi ya ngozi", na ngozi yenyewe ilikuwa ya Mzungu. Jina hilo lilibadilishwa mwaka 1962 likawa la tunda la pichi. Boksi la rangi 24 za ngozi za watu wa dunia lilikuja mwaka 2020. Hesabuni wenyewe ni watoto wangapi wa rangi yetu waliojichora kwa miaka yote hiyo wakakosa kalamu.

Binti yangu alianza upya. Picha ya pili ilimchukua wiki mbili. Siku hizi simu inaweza kukutengenezea sura ya mwigizaji kwa sekunde chache kwa akili bandia, na rafiki zake wengine hufanya hivyo. Lakini anayechora kwa mkono hana budi kuutazama uso wa mtu kwa saa nyingi, na ukiutazama uso kiasi hicho huwezi tena kuuona mbaya. Nilimwona akisita kwenye kila kivuli, kisha anaendelea. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, na taulo zangu za jikoni sitazitaja.

Wakati huo nilimpigia dada yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamweleza kuhusu kile kifutio. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mdogo wangu, umesahau mimi nilikuwa naitwaje shuleni?" Nilikuwa nimesahau. Walikuwa wakimwita Sufuria. "Sikutaka achekwe," akasema. "Nilidhani namsaidia."

Sikumkosoa tena. Nilichomwomba ni kimoja tu, amwambie mtoto maneno hayo kwa mdomo wake. Hakuahidi. Dada yangu si mtu wa kuomba radhi kwa wadogo, na wengi wetu tumelelewa hivyo.

Picha ya pili ilibandikwa ukutani Jumamosi iliyopita, katikati ya nyingine. Kulikuwa na Lupita wa kalamu ya wino, Lupita wa rangi ya maji, na Lupita wa mvulana wa miaka tisa mwenye shingo ndefu kama twiga. Wa binti yangu ndiye mweusi kuliko wote, na watu walikuwa wakisimama pale. Aliituma kwenye kundi la ukoo bila neno lolote. Safari hii mimi ndiye niliyeandika wa kwanza: "Huyu ndiye Lupita. Usimpunguze hata kidogo."

Usiku, dada yangu akamtumia binti yangu picha ya zamani, si kwenye kundi, kwake peke yake. Ni yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na tatu hivi, amevaa sare ya shule, hacheki. Chini yake ameandika: "Utakapopata nafasi, mwanangu, nichore na mimi." Mkaa umeshanunuliwa.

Kabla sijaaga, wazazi wenzangu, machache ya nyumbani. Mtoto anayewachora waigizaji na kuonyesha kazi yake, mfundishe kumtaja mpiga picha ikiwa amenakili picha ya mtu, maana ile picha ina mwenyewe. Apige picha ya mchoro kando ya dirisha mchana, bila flashi, kwa sababu penseli humeta; na kwa kuwa simu hupenda kung'arisha kitu cheusi chenyewe, apunguze mwanga kwenye kioo kabla ya kubonyeza. Azime pia ile programu ya kurembesha. Asiweke jina la shule wala anwani pembeni ya sahihi yake. Najua pia zipo nyumba za wasomaji wetu ambako sura za viumbe hazichorwi; huko mtoto anaweza kuupeleka mkono wake kwenye khati na nakshi, na yale ya rangi na penseli yatamfaa vile vile.

Zaidi ya yote, kabla hujaandika neno chini ya mchoro wa mtoto, jiulize anayesoma ana rangi gani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na siku hizi tunawalea hata kwa vidole gumba.

Kama nyumbani kwenu yupo anayechora, nitumieni habari zake, na mniambie mmechora nani. Tukijaliwa, tutaonana mwezi ujao. Kwaherini.