Nyimbo za Utoto Wetu Zinapoimbwa Upya

Leo tunaomba tuweke kando mambo ya chanjo na uji wa lishe, tuzungumze juu ya nyimbo.

Jioni moja tulikuwa jikoni tukichambua mchicha. Binti yetu wa miaka kumi na sita alikuwa akikuna nazi, simu yake ameiegemeza kwenye kopo la chumvi ikimwimbia. Mara tukasikia wimbo tunaoufahamu. Aliyeimba alikuwa msichana mdogo na gitaa moja tu, lakini wimbo ulikuwa "Saving All My Love for You", ule wa Whitney Houston wa mwaka 1985. Bila kujitambua tukaanza kuimba pamoja naye. "Mama, umeujuaje? Huu ni wa siku hizi!" alisema binti. Tukamjibu kwa ukali kidogo kwamba wimbo huo ni wetu, na huyo wa kwenye simu ni mwigaji tu asiyejua kitu. Binti akaizima simu, akaendelea kukuna nazi kimya.

Wenzetu wa rika letu mtakumbuka tulivyozipata nyimbo hizo. Tulikuwa watoto wadogo, na mama mdogo alikuwa na redio kaseti ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Utepe ukinasa, aliuvuta taratibu kwa vidole na kuurudisha kwa kuzungusha kalamu. Alikuwa pia na daftari la nyimbo. Aliyaandika maneno kwa kusikiliza, akirudisha nyuma mstari mmoja hata mara kumi. Kiingereza chake kilikuwa cha darasani, kwa hiyo mengi aliyaandika kama alivyoyasikia, nasi tukayakariri hivyo hivyo.

Usiku ule tulilala na kaaibu kwa jinsi tulivyomnyamazisha mtoto. Kesho yake tulitafuta habari za wimbo wenyewe, tukakuta kwamba hata Whitney hakuwa wa kwanza kuuimba. Uliandikwa na Michael Masser na Gerry Goffin, nao Marilyn McCoo na Billy Davis Jr., ambao ni mke na mume, waliutoa mwaka 1978. Whitney aliurudia miaka saba baadaye. Ukashika nafasi ya kwanza Marekani mwezi Oktoba 1985, kisha Uingereza mwezi Desemba, na mwaka 1986 ukampatia tuzo ya Grammy. Kumbe kaseti ya mama mdogo nayo ilikuwa na wimbo wa kurudiwa!

Na nyimbo zetu wenyewe zimesafiri vivyo hivyo. Them Mushrooms wa Mombasa walitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, na mwaka uliofuata kundi la Boney M. likaurudia huko Ulaya. Kundi hilo hilo lilikuwa limekwisha kuimba "Malaika" mwaka 1981.

Lakini jambo lililotushtua zaidi lilikuwa maneno. Ni lazima tukiri mbele yenu, akina mama, kwamba wimbo huo ndio tuliouchagua uchezwe katika arusi yetu wakati wa kukata keki. Tuliona unahusu upendo, basi. Shangazi mmoja aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza aliinamisha kichwa akaitazama sahani yake, nasi tukadhani anasali. Wimbo ule unasimulia habari za mwanamke anayemsubiri mume wa mtu. Bwana huyo ana familia yake, na mwanamke anaridhika na saa chache za kuiba, akiwa amekwisha kuchoka kuahidiwa kwamba siku moja watakuwa pamoja. Na sisi tuliukatia keki!

Jioni ile tulirudi jikoni, tukamwomba binti radhi, kisha tukamwomba auchezeshe tena. Tulimweleza maneno mstari kwa mstari, na habari za keki tukamwambia. Alicheka mpaka machozi. Halafu akanyamaza, akauliza: "Sasa mama, huyo mwanamke mwishowe alipata nini?" Tukamwambia wimbo unaishia pale pale, bado anasubiri.

Wapendwa, kwa miezi mingi tulikuwa tunatafuta namna ya kuzungumza na mtoto huyu juu ya wanaume wenye pete vidoleni wanaowasimamisha wasichana njiani wakitoka shule. Kila tulipoanza, maneno yalituganda mdomoni. Jioni ile yeye mwenyewe alianza kusimulia. Alitutajia gari linaloegesha karibu na kituo cha daladala, na rafiki yake aliyekwisha kununuliwa simu. Tulisikiliza hadi wali ukaungua kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Tangu hapo tumesikiliza mengi pamoja. Uliotugusa sana ni "Greatest Love of All". Huo nao tuliufahamu kwa Whitney, kumbe aliyeuimba kwanza ni George Benson mwaka 1977, katika filamu ya maisha ya Muhammad Ali. Maneno yake yaliandikwa na mama mmoja kijana, Linda Creed, aliyegunduliwa kuwa na saratani ya matiti akiwa na umri wa miaka 26. Aliyaandika katikati ya ugonjwa huo. Alifariki Aprili 1986, akiwa na miaka 37, na mwezi uliofuata wimbo wake, kwa sauti ya Whitney, ukawa wa kwanza Marekani. Hakuuona ushindi huo, lakini watoto wa watu wengine wanaendelea kuuimba.

Sisi tulio wauguzi hatuwezi kupita hapo kimya. Ukigusa uvimbe kwenye titi, au ukiona ngozi imevutika ndani au chuchu inatoa damu, nenda kituo cha afya mapema hata kama huna maumivu. Uvimbe mwingi si saratani, lakini ni vipimo tu vinavyoweza kusema.

Basi, mwezi huu tunawaomba mambo mawili. La kwanza, mtoto akileta wimbo wa zamani ulioimbwa upya, usimwambie kwamba ameibiwa au ameiga. Mwambie uliusikia wapi, na nani alikuwa na redio. La pili, ulizeni maana ya maneno. Wengi wetu tulikariri bila kuelewa, na watoto wetu wanafanya hivyo hivyo. Mkielewa pamoja, mtapata mahali pa kuanzia mazungumzo yaliyokuwa yakiwashinda.

Mama mdogo bado anayo redio kaseti yake, ingawa haisemi tena. Mwezi uliopita binti alimpelekea wimbo ule kwenye simu, ule wa msichana na gitaa. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaomba uanze upya. Aliimba wote kwa maneno ya daftari lake, na binti hakumsahihisha.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.