Mandolini ya jukwaani Kasapa: afadhali ubao mzima kuliko sanduku tupu

Vijana wanaopiga muziki pande za Kasapa, wawe wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ao wana-korali wa mtaani, wanajua aibu hii. Mandolini imechukua solo, watu wameanza kusimama, mara bafle zinapiga ukelele mkali unaoziba masikio. Fundi wa sono anakimbia kupunguza sauti. Anapopunguza, mandolini haisikilike tena. Ngoma na besi zinaendelea peke yao, na yule aliyejifunza miezi mingi anabaki kusogeza vidole bure.

Kosa si la mpigaji, na mara nyingi si la fundi wa sono. Kosa lilifanyika siku ya kununua. Mandolini ya kawaida ni sanduku tupu lenye tundu. Ilitengenezwa ili ubao wake mwembamba utetemeke na kutoa sauti chumbani. Jukwaani, sauti ya bafle inarudi na kulitetemesha lile sanduku, mikro inachukua mtetemo huo na kuutuma tena kwenye bafle. Mzunguko unakuwa mkubwa kila nukta. Mafundi wanauita larseni. Kufunga mikro ya bei kubwa ndani ya sanduku kunapunguza shida, hakuimalizi.

Kwa hiyo, anayetaka kupiga mandolini pamoja na ngoma, besi na gitaa za umeme anunue ile yenye mwili wa ubao mzima, isiyo na tundu. Ubao mzito hautetemeki ovyo mbele ya bafle. Mikro zake za sumaku hazisikilizi hewa: zinafuata mwendo wa nyuzi za chuma. Sauti inaweza kupanda mpaka ilingane na ya gitaa solo.

Wazee watasema kwamba Katanga haikuhitaji haya yote. Ni kweli kwamba mwaka 1952, Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, gitaa ya kawaida na sauti ya mtu vilitosha kupeleka jina la jimbo hili mbali. Lakini pale palikuwa mtu mmoja mbele ya mikro moja, bila ngoma wala bafle nyuma yake. Hata leo, kwa ibada ndogo isiyo na ngoma ao kwa kurekodi nyumbani, mandolini ya sanduku ndiyo yenye utamu zaidi, na asiyepanda jukwaa kubwa asidanganywe kutupa makuta. Maneno haya ni kwa yule wa jukwaani.

Na shida hii wengine waliitatua zamani. Mjini Salvador, Brazili, katika miaka ya 1940, Dodô na Osmar walichoka na larseni, wakafunga nyuzi na mikro juu ya ubao mzima. Mwaka 1950 walipanda gari la Ford la mwaka 1929 na kupiga barabarani wakati wa karnavali. Kutoka kwa ubao ule ikazaliwa guitarra baiana, chombo kidogo kinachofungwa sauti kama mandolini. Marekani, kampuni ya Fender ilitengeneza mandolini ya umeme ya ubao mzima kuanzia 1956 mpaka 1976. Kule India, U. Srinivas, aliyefariki mwaka 2014, alipiga muziki wa zamani wa kwao kwa mandolini ya umeme.

Kongo nayo ina mfano wake. Konono N°1 ya Kinshasa ilitia umeme ndani ya likembe kwa mikro zilizotengenezwa na sumaku za vyuma vya magari. Walitaka likembe ya wazee isikilike katikati ya kelele za mji. Ndiyo shida ileile ya kijana wa Kasapa.

Kununua vizuri kunaomba kuangalia mambo machache, na ya kwanza ni hesabu ya nyuzi. Mandolini ya kawaida ina nyuzi 8, mbilimbili. Jukwaani, nyuzi 4 za mojamoja zinafaa zaidi: zinafungwa sauti haraka, na kidole kinaweza kuvuta uzi kama kwenye gitaa. Zile za nyuzi 5 zinaongeza do ya chini, lakini anayeanza haihitaji.

Jambo la pili wengi wanalisahau: namna uzi unavyoshikwa. Mandolini nyingi za sanduku zinatumia nyuzi zenye kitanzi mwishoni, na kuzipata si kazi rahisi. Afadhali kuchagua chombo kinachopokea nyuzi zenye kidude cha mviringo, kama za gitaa ya umeme. Hapo pakiti moja ya gitaa inayoitwa 10-46 inasaidia: uzi wa 10 unakuwa mi, wa 13 la, wa 26 re, wa 36 sol. Ule wa la utakuwa mwepesi kidogo, lakini usiku wa sherehe hautalala bila uzi. Nyuzi za shaba, za mandolini ya sanduku, zisitumiwe hapa: sumaku haizisikii vizuri.

La tatu ni mikro. Mahali ambapo umeme wa SNEL unakwenda na jeneretari inachukua nafasi, mikro ya koili moja inavuma kama nyuki. Ile ya koili mbili inanyamazisha sehemu kubwa ya mvumo huo. Tena, mikro za sumaku za kawaida hazihitaji betri. Sanduku nyingi zenye mikro ya ndani zinaomba betri, na betri huisha katikati ya wimbo.

Kuna jambo ambalo muuzaji hatalisema. Nyuzi za chombo cha umeme zimeunganishwa na ampli. Kama jengo halina waya wa ardhi, ao ampli imeharibika, mpigaji anayeshika nyuzi na kugusisha midomo kwenye mikro ya kuimbia anaweza kupigwa na umeme, hata kufa. Kabla ya kupiga, fundi wa sono apime kwa mashini yake kati ya nyuzi na mikro ile. Kiongozi wa korali ao wa orkestra asiyeomba kipimo hiki anacheza na maisha ya watoto wa watu.

Basi mwenye dola mia tatu asizimalize zote kwa chombo kinachong'aa. Aache sehemu kwa ampli nzuri, waya mzima na nyuzi za akiba. Kabla ya kulipa, achomeke chombo, apandishe sauti, asimame mbele ya bafle. Kikilia bila kuguswa, akirudishe. Kisha apige uzi wazi, na uleule kwenye kituo cha 12. Sauti mbili zisipolingana, na muuzaji ashindwe kurekebisha daraja, akirudishe pia.

Lakini kwa nini kila chombo kitoke mbali? Sanduku la mandolini linaomba fundi bingwa wa kukunja ubao mwembamba. Mwili wa ubao mzima unaomba msumeno, randa na mikono yenye subira, na maseremala wenye hivyo hawakosekani Lubumbashi. Kinshasa, fundi Socklo amejulikana mpaka nje ya nchi kwa gitaa za umeme anazotengeneza kwa vitu vinavyopatikana pale pale. Kazi ngumu ni shingo na kupima vituo, na hiyo inafundishika. Makanisa na orkestra zinazonunua vyombo kila mwaka zikimpa seremala mmoja wa hapa agizo moja la kujaribu, hasara itakuwa ndogo. Faida itakuwa fundi wa karibu, siku shingo itakapopinda wakati wa mvua.

Mandolini ina sauti ya juu, ileile ambayo wapiga gitaa wa Kongo wanaitafuta wakishuka na vidole mpaka mwisho wa shingo. Kasapa haikukosa vidole vya kuipiga. Vidole hivyo vipewe chombo kisicholia peke yake mbele ya bafle, ili solo ifike mwisho.