Tulipopumzika Tongoni

Tulikuwa safarini na watoto kutoka Tanga kwenda Pangani, tulikoalikwa harusini. Baada ya mwendo wa kilomita 20 hivi, tukaamua kuiacha barabara na kushika njia iendayo Tongoni. Watoto walinung'unika, kwani walitaka kuwahi pilau. Tukawaambia: nusu saa tu.

Tongoni leo ni kijiji kitulivu cha pwani. Jina lenyewe hutukumbusha tongo, yaani mahame, mahali palipohamwa na wenyewe. Pana gofu la msikiti, na ubavuni mwake makaburi yapatayo 40, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa zama ambazo Wareno walikuwa hawajaijua pwani hii. Baadhi yana nguzo ndefu, na nyingi kati yake zimekwisha kuanguka. Zamani makaburi hayo yalipambwa kwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Sasa yamebaki matundu matupu. Mapambo yamekwenda, lakini kibla cha msikiti kingali kimeelekea Makka.

Tuliwatolea salamu watu wa makaburi, tukawaombea. Ndipo mwanetu wa miaka tisa akauliza: "Hawa ni kina nani?" Tukamjibu kwamba ni Waislamu waliotutangulia, na majina yao anayajua Mola wao. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: "Na babu yake babu yetu, yeye amezikwa wapi?"

Tulitazamana. Tuliokuwa tukisikitikia makaburi ya wageni hatukuwa na jibu juu ya watu wetu wenyewe. Kumbe mahame si majengo tu. Nyumba inayokaliwa nayo yaweza kuwa tongo, ikiwa hakuna akumbukaye.

Harusini tulimketisha mtoto kando ya shangazi yetu mkubwa, tukamwomba bibi amtajie. Bibi aliweka kikombe chake chini, akahesabu kwa vidole majina sita, baba kwa baba. Wawili, alisema, wamelala nyuma ya msikiti wa kijijini kwao, chini ya mbuyu, bila jiwe wala alama. Mtoto akayaandika yote katika daftari lake. Bibi alifuta machozi. Alisema ni miaka mingi hajaulizwa neno hilo.

Ndugu wasomaji, hatusemi makaburi yajengewe na kupambwa. Matundu ya Tongoni yanaonyesha mwisho wa mapambo. Tunasema yazuriwe. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kuyazuru kwa kuwa yanatukumbusha Akhera. Na mzazi atamwombeaje kwa jina asiyemjua, au mwana amuungeje jamaa asiyepata kusikia habari zake?

Likizo inakaribia. Mkipita njia ya Pangani, ingieni Tongoni kwa heshima, wala msiokote kitu. Lakini kabla ya hapo, mwendeeni mzee aliyebaki katika ukoo wenu, na mtoto achukue kalamu. Wazee hawatungojei.