Lori lina kadi ya kuvuka mpaka, mgonjwa hana

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Lilongwe na Kadi ya Njano ya COMESA halihitaji kukatiwa bima nyingine Songwe. Bima iliyolipiwa Tanzania inatambuliwa Malawi. Mfanyabiashara anayesafirisha mzigo humo hana kadi ya namna hiyo kwa afya yake. Jambo hilo linafaa kufikiriwa sasa, wakati kipimo cha damu cha kugundua mapema saratani ya utumbo mpana kinasifiwa duniani.

Sifa hizo zina msingi. Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Shield, kipimo cha kampuni ya Guardant Health. Hutafuta katika damu vipande vya vinasaba vinavyoachwa na uvimbe. Katika utafiti wa watu karibu 8,000, kiligundua saratani kwa wagonjwa 83 katika kila 100. Lakini vinyama hatari ambavyo bado havijageuka saratani, kiliviona kwa watu 13 tu katika kila 100. Na katika kila watu 100 wasio na tatizo, 10 hivi waliambiwa huenda wanalo. Kila anayepewa jibu hilo lazima achunguzwe utumbo kwa kamera.

Huo ndio mlima kwa mtu wa Dzaleka. Kambi hiyo ya wilaya ya Dowa ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hivi. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na kituo chake cha afya huhudumia pia vijiji jirani. Kamera ya utumbo ni kazi ya hospitali kubwa, kama Kamuzu Central iliyoko Lilongwe. Safari si ndefu, lakini utaratibu wa Malawi unamtaka mkimbizi akae kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakifanya biashara mijini warudi Dzaleka. Kipimo kinachosema "huenda", bila barua ya rufaa na ruhusa ya kutoka, kitamwongezea mtu hofu na kumlia mtaji.

Tahadhari nyingine ni kwa wenye haraka ya kulipa. Kipimo cha damu kiitwacho CEA ni cha miaka mingi, lakini kazi yake kubwa ni kumfuatilia mgonjwa ambaye tayari amegundulika. Saratani changa inaweza kukipita. Aliyeambiwa CEA yake iko sawa asijihesabu amepona.

Kipo kipimo cha bei nafuu zaidi: cha choo, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Nacho kina kasoro, kwa kuwa kichocho na minyoo pia huweza kutoa damu. Ndiyo maana jibu lake hufuatiliwa na daktari. Kwa wanaoishi njiani la kwanza ni kuacha kuita kila damu ya choo bawasiri ya kukaa sana kwenye basi. Damu hiyo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu au kupungukiwa damu mwilini ni mambo ya kupeleka hospitali, si ya kuulizia dawa sokoni.

Serikali nazo zina deni. Malawi, Tanzania na Kongo zote zimo SADC, yenye itifaki ya afya tangu mwaka 1999. Zianze na jambo dogo: fomu moja ya rufaa na majibu ya vipimo vinavyotambuliwa na hospitali za pande zote za mpaka, na kwa mkazi wa Dzaleka, barua ya rufaa iwe pia ruhusa ya kwenda Lilongwe. Siku kipimo cha damu kitakaposhuka bei, kitakuta njia iko wazi. Bila hivyo, kitafika kama mzigo uliokosa hati: upo, lakini haumfikii mwenyewe.