Droni ya dawa: jaribio likiisha, nani analipa?

Hapa Mbezi Beach, zilipo studio zetu, droni tumeizoea: inapiga picha za harusi ufukweni. Nyinyi wasikilizaji wa vijijini mnatuuliza jingine: ile droni ya kupeleka dawa imeishia wapi?

Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilisafirisha dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria, kwa dakika 40 hivi. Kwa njia ya kawaida, safari hiyo huchukua takriban saa 6. Waliohusika ni kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na GIZ, shirika la serikali ya Ujerumani. Ndege iliruka na kufika. Miezi 6 ya jaribio ikaisha.

Kuruka, basi, si ndiyo kazi ngumu. Miaka ya 1920 matajiri walikuwa wakirusha ndege mashambani kwao. John Carberry, kabaila wa Ireland, alikuwa na kiwanja chake cha ndege katika shamba lake la Seremai, Nyeri, nchini Kenya. Hakuhitaji kumwomba mtu uwanja (ingawa ardhi ile ilikuwa na wenyewe kabla yake). Ilikuwa michezo ya hatari: mkewe Maia, naye rubani, alikufa kwa ajali ya ndege Nairobi mwaka 1928. Mwaka uliofuata mama mjane, Florence Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways. Hapo ndipo ndege ikaanza kubeba barua na abiria wanaolipa nauli.

Kwa wagonjwa tulisubiri zaidi. Daktari Michael Wood, mpasuaji aliyeishi shambani chini ya Kilimanjaro, alikuwa akirusha ndege mwenyewe kuwafuata wagonjwa. Mwaka 1957 yeye na wapasuaji wenzake wawili walianzisha shirika tunalolijua leo kama Amref. Lilidumu kwa sababu lilikuwa na wafadhili wa kudumu, na redio za upepo hospitalini za kuita ndege. (Redio tena, mnaona.)

Kwa hiyo mradi wa droni ukifika kijijini kwenu, ulizeni kwanza usajili wa TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kisha, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muulizeni mgeni: mwezi wa saba, betri na mshahara wa mwongozaji vitatoka mfuko gani? Wa kwake, wa halmashauri, au wa zahanati?